Sentimita 15 za riboni nyekundu: kisa cha nembo isiyo na mwenyewe

Kata riboni nyekundu, urefu wa sentimita 15. Ikunje katikati mpaka mikia miwili ipishane chini ya kitanzi, kisha choma pini pale inapopishana, uishikize kwenye nguo upande wa moyo. Kama ni riboni ya satini, pitisha ncha zake haraka juu ya moto wa kiberiti zisifumuke. Kazi imekwisha. Mtoto wa darasa la nne akionyeshwa mara moja, ya pili atatengeneza mwenyewe.

Naanza na mkasi na pini kwa sababu ndiko nembo hii ilikoanzia. Nembo nyingi huzaliwa kwenye karatasi au kompyuta, zikaenda kwa mpiga chapa, mwishoni zikafika kwenye fulana na mabango. Utepe mwekundu wa UKIMWI ulikwenda kinyumenyume. Kwanza ulikuwa kitu cha kushika, ukavaliwa na watu, na picha yake ikachorwa baadaye. Mimi hubuni nembo hapa Dar es Salaam, na sehemu kubwa ya wateja wangu ni vikundi vyenye jambo la kijamii: akina mama wa kuweka akiba, watu wa mazingira, vituo vya watoto. Karibu kila mmoja huja na maelezo yaleyale. Anataka mikono miwili iliyobeba dunia, ramani ya Afrika, mama na mtoto, jua linachomoza nyuma, na jina lote la kikundi lizunguke duara. Nikishakunywa naye chai huwa namsimulia kisa hiki.

Mwaka ni 1991, mji ni New York. Miaka kumi ilikuwa imepita tangu Juni 1981, madaktari wa Marekani walipotoa taarifa ya kwanza kuhusu ugonjwa ambao haukuwa na jina, na tayari Wamarekani zaidi ya 100,000 walikuwa wamekufa. Miongoni mwao walikuwamo wasanii wengi mno: wachoraji, wacheza dansi, washoni wa mavazi ya jukwaani, wapiga picha. Mwaka 1988 kikaundwa kikundi kilichoitwa Visual AIDS, na tarehe 1 Desemba 1989 kikaitisha siku ambayo makumbusho na nyumba za sanaa zilifunga milango au kufunika kazi zao kwa nguo, kama nyumba iliyofiwa. Hatua ile ilikuwa nzito, lakini waliofikiwa nayo ni watu wa sanaa. Fundi bomba au mama muuza duka hakuwa na sehemu yake ndani yake.

Mtaani kulikuwa na alama nyingine, kali zaidi. Tangu 1987 kuta za New York zilibandikwa bango jeusi lenye pembetatu ya waridi na maneno mawili yaliyosema kuwa kunyamaza ni kufa. Pembetatu ile Wanazi waliwashonea wanaume wa mapenzi ya jinsia moja kwenye kambi za mateso. Wanaharakati wakaichukua, wakaigeuza kichwa chini miguu juu, wakaifanya yao. Kama bango, mpaka leo sijaona mengi yanayolifikia. Linadai, linashutumu, linamtazama mpita njia usoni. Ila kulivaa kifuani ni kutangaza mambo mawili kwa pamoja: unapigania jambo gani, na wewe ni nani. Mtu asiye wa kundi lile, au wa kundi lile lakini bado amejificha, hakuwa na cha kuvaa.

Hapo ndipo wasanii 12 wa Visual AIDS walipokutana kwenye ukumbi mmoja wa sanaa, mtaa wa East Village. Swali lao lilikuwa dogo, na mimi naliona ndilo lililoamua kila kitu kilichofuata: mtu wa kawaida ataonyeshaje kwamba yuko upande wa wagonjwa? Hawakuuliza UKIMWI uchorweje. Ukiuliza UKIMWI uchorweje, utajibiwa kwa fuvu la kichwa, kirusi chenye miiba, mgonjwa aliyekonda, jiwe la kaburi. Na ndivyo ilivyokuwa kote duniani. Mwaka 1987 serikali ya Uingereza ilionyesha kaburi kwenye televisheni. Australia, mwaka huohuo, ikamwonyesha Kifo mwenyewe akiwaangusha watu kama pini za mchezo wa bowling. Kwetu nako mabango ya kwanza yalijaa mifupa. Mwenye virusi akiliangalia bango la namna hiyo anajiona yeye ndiye fuvu.

Wazo la utepe lilitoka barabarani. Majira yaleyale Marekani ilikuwa imetoka kwenye Vita vya Ghuba, na riboni za njano zilikuwa zimefungwa kwenye miti na vibaraza vya nyumba kuwasubiri askari warudi. Mchoraji Frank Moore, mmoja wa wale 12, alikuwa ameziona kwa jirani zake. Desturi ile ilikuwa na nguvu tangu 1979, Wamarekani waliposhikwa mateka Tehran na mke wa mmoja wao, Penne Laingen, akafunga riboni ya njano kwenye mti wa nyumbani kwake. Kwa hiyo jicho la Mmarekani lilikuwa limeshafundishwa: riboni maana yake kuna mtu wetu yuko hatarini na hatujamsahau. Wasanii wakaichukua maana hiyo nzima bila kuilipia miaka ya matangazo, wakaihamisha kutoka kwa askari kwenda kwa wagonjwa ambao nchi ilikuwa inawaonea aibu. Kwa kubadili rangi tu, walikuwa wanauliza: na hawa je, si watu wetu?

Rangi ilijadiliwa. Waridi na rangi za upinde wa mvua ziliwekwa kando, kwa kuwa zilishajulikana kuwa za watu wa mapenzi ya jinsia moja, na kikundi kilitaka alama ambayo kila mtu angeona inamhusu. Nyekundu ikapita kwa ajili ya moyo na upendo, na kwa ujasiri wake. Damu nayo imo, hata asipoitaja mtu. Mimi huongeza la kwetu, ambalo wao hawakulijua: kanga ya kisutu anayovaa bibi harusi ina nyekundu, nyeusi na nyeupe. Mtu wa pwani akiona nyekundu haoni hatari tu. Anaona pia siku ya heshima.

Kuhusu umbo nataka kukaa kidogo, maana ndiyo kazi yangu.

Riboni ya njano ilifungwa kwa fundo na vishungi viwili, kama zawadi. Vishungi vina hali ya sherehe. Kwenye kola ya koti vingeonekana kama pambo la msichana wa shule. Kitanzi kilichopishana hakina sherehe, na hakina msiba pia. Herufi V iliyopinduliwa, mikia yake imeachia chini, kama mtu aliyesimama miguu imetanuka kidogo. Hakuna fundo la kukaza, kwa hiyo hakuna ustadi unaohitajika. Hakuna anayeweza kukosea kiasi cha utepe kutotambulika: kitanzi kikiwa kipana ni utepe, kikiwa chembamba ni utepe, mkia mmoja ukiwa mrefu kuliko mwenzake bado ni utepe. Kwa nembo za kawaida tunaandika kitabu kizima cha masharti, kwamba nafasi hii iwe kiasi hiki na rangi isizidi hapa. Hii haihitaji mlinzi.

Nina jaribio ninalolifanya kwa kila nembo kabla ya kumpa mteja. Naiprinti ndogo kama kifungo cha shati. Naipiga fotokopi, halafu naipiga fotokopi ile fotokopi, mpaka mara tano. Kisha namwomba mtu aliyeiona jana aichore leo kwa kumbukumbu. Nembo ya mikono, dunia na jua huanguka kwenye hatua ya kwanza: inabaki doa. Utepe unapita zote tatu. Unachorwa kwa chaki ukutani, unashonwa kwa shanga, na wanafunzi uwanjani wanaweza kupangwa wawe utepe mmoja mkubwa unaoonekana kutoka ghorofani. Ukiondoa rangi, umbo linatosha. Ukiwa na rangi lakini umbo limepinda, rangi inasaidia.

Lakini kama ningeulizwa kitu kimoja tu kilichoifanya nembo hii, ningejibu pini.

Pini ndiyo iliyoigeuza picha kuwa kitendo. Bango linabandikwa na mtu mmoja na kutazamwa na elfu. Utepe hauwezi kufika kifuani kwako usipouchoma wewe, asubuhi, mbele ya kioo, ukijua kwamba bosi wako atauona, na mkweo, na kondakta wa daladala. Kuna sekunde moja ya kuamua. Na Mswahili ana sababu ya kulielewa hili upesi kuliko mbunifu wa New York, kwani sisi tumezoea kusema kwa nguo. Mwanamke anayejifunga kanga yenye jina fulani na kupita mlangoni kwa jirani ameshasema, wala hakufungua mdomo. Utepe ni wa ukoo huohuo. Tofauti ni kwamba kanga hubeba maneno, na utepe hauna hata herufi moja, kwa hiyo unavaliwa Kigoma, Mombasa, Osaka au Lima bila mkalimani.

Wasanii wale walifanya uamuzi mwingine ambao wateja wangu huwa hawauamini. Hawakuusajili. Walikubaliana kwamba utepe usiwe na hakimiliki, usiwe alama ya biashara, asiwepo mtu wala taasisi ya kufaidika nao, na sifa isiende kwa jina la mmoja bali kwa kundi. Kuutengeneza nako walikufanya kwa pamoja: watu walikaa mezani, huyu anakata, yule anakunja, mwingine anachoma pini. Ukifikiria, kufanya hivyo kulikuwa ni kampeni tosha. Mtu aliyekaa saa mbili akikunja riboni kwa ajili ya wagonjwa hatoki alivyoingia.

Tarehe 2 Juni 1991, usiku wa kutoa Tuzo za Tony za michezo ya Broadway, mwigizaji Jeremy Irons alitokea kwenye televisheni akiwa na utepe kwenye koti. Kitu chekundu kisicho na maandishi kiliwafanya watazamaji waulize, na kuulizwa ndiko kulikokuwa kukitakiwa. Novemba ya mwaka uleule akafariki Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, kwa maradhi yaliyoletwa na UKIMWI, siku moja baada ya kuutangazia ulimwengu kwamba anao. Sisi tunamjua kwa njia nyingine: mtoto aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946, jina lake Farrokh Bulsara. Katika tamasha la kumkumbuka, uwanja wa Wembley, London, tarehe 20 Aprili 1992, riboni zaidi ya 100,000 ziligawiwa. Kutoka hapo haukuhitaji tena kusukumwa. Mwaka 1993 Marekani ikauweka kwenye stempu ya posta, na shirika la Umoja wa Mataifa la UKIMWI, UNAIDS, lililoanza kazi 1996, likauingiza kwenye nembo yake. Hakuna aliyelipwa, na hakuna aliyeombwa ruhusa.

Ulipofika kwetu ulikuta jambo ambalo halitajwi. Wagonjwa wa kwanza Tanzania waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na kabla ya jina la kitaalamu watu waliuita Juliana, jina la kitambaa kilichokuwa kikiletwa na wafanyabiashara wa magendo mpakani na Uganda. Tangu mwanzo, basi, ugonjwa ulipewa jina la nguo. Baadaye yakaja mengine: ana ngoma, amekanyaga miwaya, ana mdudu. Lugha yetu ilizunguka na kuzunguka ili isilitaje. Kenya ilichukua mpaka Novemba 1999 kwa Rais Moi kutangaza UKIMWI kuwa janga la kitaifa; tume ya kudhibiti UKIMWI ya Tanzania, TACAIDS, ni ya 2001. Katikati ya ukimya wa namna hiyo, alama isiyosema neno ilikuwa na faida yake. Mjomba aliyemzika mwanawe na kuambiwa aseme ni kifua kikuu aliweza kuvaa utepe tarehe 1 Desemba, akasimama na wenzake kwenye maandamano ya wilaya, na hakuna aliyeweza kumuuliza anavaa kwa ajili ya nani, kwa maana mkuu wa wilaya kavaa, mwalimu kavaa, sheikh na padri wamevaa. Alijificha ndani ya umati na wakati huohuo aliomboleza hadharani. Sijui nembo nyingine yoyote iliyowahi kumfanyia mtu hisani kama hiyo.

Hasara yake inatokana na uzuri huohuo. Alama isiyodai kitu inavaliwa na asiyenuia kufanya kitu. Mwaka 1992 bado haujaisha, Marekani kulikuwa na wanaharakati waliolalamika kwamba riboni imekuwa pambo la usiku wa tuzo, na kwamba pembetatu ya waridi ilikuwa inaomba dawa na fedha, hii inaomba nini? Naona walikuwa na haki. Mfano wa riboni ya pili unaonyesha vizuri zaidi. Kwenye miaka hiyohiyo mama mmoja wa California, Charlotte Haley, ambaye bibi yake, dada yake na binti yake waliugua saratani ya matiti, alikuwa akitengeneza nyumbani riboni za rangi ya pichi na kuzigawa tano tano, kila fungu na kadi yake. Kadi ilisema taasisi ya taifa ya saratani ina bajeti ya dola bilioni 1.8 na kwamba asilimia 5 tu ndiyo inakwenda kwenye kinga, ikawataka watu wawaamshe wabunge wao. Jarida moja na kampuni ya vipodozi wakamtaka washirikiane. Alikataa, aliona wanataka biashara. Wakabadili rangi, wakatumia waridi, na mwaka huo wa 1992 riboni milioni 1.5 zikatolewa kwenye kaunta za vipodozi. Riboni ilifika kila mahali na kadi ya Haley ikabaki nyumbani kwake.

Kwa hiyo ninapomsimulia mteja kisa hiki simwambii achore riboni. Riboni zimeshakuwa nyingi, kila ugonjwa una rangi yake, na anayeziona hawezi kuzitofautisha. Namwuliza maswali mawili waliyoyajibu wale watu 12: unataka mtu afanye nini kwa mkono wake, na akishafanya, atakuwa amesimama na nani? Mikono iliyobeba dunia haimpi mtu kitu cha kufanya.

Lipo jambo moja ambalo sikulijua mpaka nilipoitwa kwenye kituo cha afya kimoja kuchora vibao vya milango. Huduma ya dawa za kufubaza virusi ilianza kutolewa nchini mwaka 2004, na chumba chake watu hukiita CTC. Pale kituoni mlango wa chumba hicho ulikuwa na utepe mwekundu mkubwa uliopakwa kwa rangi ya mafuta, umechorwa vizuri sana, kitanzi kimekaa sawa. Nikausifia. Nesi aliyekuwa akinionyesha vyumba akanishika mkono, akanisogeza mpaka dirishani.

"Kaka, waone wale chini ya mwembe."

Kulikuwa na watu sita, saba, kila mmoja kakaa peke yake, mabenchi ya barazani yapo matupu.

"Wanasubiri nitoke niwaite kwa mkono. Hakuna anayetaka kuonekana amekaa chini ya huo utepe. Na wako wanaopanda basi kwenda kuchukua dawa wilaya nyingine. Huo utepe ndio unanifukuzia wagonjwa."

Nilirudi nyumbani na maneno hayo, na nimeyafikiria kuliko darasa lolote la ubunifu nililowahi kukaa. Umbo ni lilelile, rangi ni ileile, maana imegeuka. Kifuani, utepe unasema: niko pamoja nawe. Mlangoni unasema: wao wanaingilia hapa. Kilichokosekana ni pini. Mlango hauamui kuvaa. Anayepita chini ya alama ile hakuichagua, amepachikwa, na alama iliyoundwa ili asiye mgonjwa asimame upande wa mgonjwa ikawa inamnyooshea mgonjwa kidole.

Niliporudi na vibao, vyumba vyote vilikuwa na namba, bila picha wala jina la ugonjwa. Utepe wa mlangoni ulipakwa rangi ya ukuta, mikono miwili ya rangi, kwa kuwa nyekundu ilikuwa inajitokeza. Nesi aliniagiza riboni ya Kariakoo, mita nne, na boksi la pini. Tulikata vipande zaidi ya 20 kwenye meza ya mapokezi, akavigawa kwa wafanyakazi wote: daktari, mkunga, karani, mfua mashuka, mtu wa maabara. Mlinzi wa getini alipoteza pini yake siku ya pili. Nilipopita kudai malipo yangu nikakuta ameushona wake kwenye mfuko wa shati, kwa uzi mweusi.